Wasomaji Wanauliza: Ahadi za Mwaka, Kapu la Sadaka na Daftari la Mweka Hazina

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu fedha za usharika: ahadi zisizotimia, sadaka zinazohesabiwa na mtu mmoja, fedha za paa zilizolipa mishahara. Tumechagua sita. Mbili za kwanza tumezijibu kwa kirefu kwa sababu matatizo mengi ya nyingine huanzia hapo.

Mwanzoni mwa mwaka waumini walijaza kadi za ahadi, jumla ikatufurahisha, nasi tukapanga bajeti kwa jumla ile ile. Sasa ni nusu ya mwaka na kilicholetwa hakijafika theluthi. Mchungaji anataka kuhubiri tena juu ya utoaji. Nifanye nini? — Mweka hazina mpya

Kabla ya mahubiri, fungua daftari. Theluthi katikati ya mwaka inaweza kuwa pengo la kweli, na inaweza isiwe pengo hata kidogo. Inategemea watu waliahidi kutoa lini.

Toa kadi zote uzigawe mafungu manne: wanaotoa kila wiki, kila mwezi, kila robo mwaka, na mara moja kwa mwaka. Kisha kwa kila kadi andika kiasi kilichotakiwa kiwe kimefika leo. Aliyeahidi 1,200 kwa kutoa kila mwezi anatakiwa awe ametoa 600 mwishoni mwa mwezi wa sita. Aliyeahidi 1,200 hiyo hiyo akishauza mazao mwishoni mwa mwaka hajachelewa hata siku moja. Ukijumlisha kwa njia hii utapata kiasi halisi cha kulinganisha na mapokezi. Waweka hazina wengi hugawanya ahadi yote kwa 12 kisha wakashtuka, na waumini wakakemewa madhabahuni kwa deni ambalo halipo.

Kama kadi zenu hazikuuliza mtu atatoa mara ngapi, hilo ndilo kosa la kwanza. Kadi iwe na jina, namba ya bahasha, kiasi, mara za kutoa, njia ya kutoa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na sahihi. Chini yake muandike sentensi moja: "Ninaweza kuongeza au kupunguza ahadi hii wakati wowote kwa kuiarifu ofisi." Msiogope sentensi hiyo. Mtu anayejua anaweza kupunguza huandika kwa ukweli. Anayeona kadi kama hati ya deni huandika kidogo sana, au huandika kikubwa mbele za watu kisha akaanza kuikwepa ofisi.

Kosa la pili ni kupanga matumizi kwa ahadi yote. Ahadi haifiki yote hata mahali pazuri: watu huhama, huugua, hufiwa, hupoteza kazi. Chukua miaka mitatu iliyopita. Kwa kila mwaka gawanya kilichotolewa na wenye ahadi kwa kilichoahidiwa, uzidishe kwa 100. Tuseme umepata 91, 84 na 88. Panga kwa 84, iliyo ya chini, si kwa wastani. Sadaka za kapuni zisizo na jina ziwekwe mstari wake, kwa kufuata zilizoingia mwaka uliopita. Usharika usio na kumbukumbu usifunge matumizi ya kudumu, kama mishahara na kodi, yanayozidi robo tatu ya ahadi za mwaka wa kwanza. Kitakachoingia kikizidi hapo, miradi ya kukipokea haitakosekana.

Kosa la tatu ni ukimya. Kadi hujazwa kwa nyimbo na maombi, kisha mwenye ahadi hasikii neno mpaka mwaka unaofuata. Kila robo mwaka, ndani ya wiki mbili baada ya robo kwisha, kila mwenye ahadi apate taarifa yake kwenye bahasha iliyofungwa: shukrani kwanza, halafu ahadi ya mwaka, kilichotakiwa kufikia tarehe hiyo, na kilichopokelewa. Taarifa hiyo hufanya kazi ya pili ambayo wengi hawaifikirii: hukagua vitabu vyenu. Mama aliyetoa kila wiki akiona wiki tatu hazimo atakuja kuuliza, nanyi mtagundua kwamba namba 61 imeandikwa 16, au kwamba bahasha ilipotea kati ya kapu na meza. Hakuna mkaguzi atakayeona hayo mapema kuliko yeye.

Kwa mwaka ujao, anzeni wiki kumi kabla ya mwaka wa fedha kufunguliwa. Wiki ya kumi kamati zilete makisio. Ya nane rasimu ya bajeti isomwe mbele ya usharika, maswali yaulizwe. Ya sita barua na kadi zitoke. Kuanzia ya tano mafundisho yatolewe, na Jumapili ya ahadi iwe wiki ya tatu. Wiki ya pili wasiorudisha kadi watembelewe kwa kuhakikisha tu kama kadi iliwafikia, bila kuulizwa kiasi. Wiki ya mwisho bajeti ipitishwe kwa kufuata kadi zilizorudi. Angalieni mpangilio huo: rasimu, ahadi, ndipo bajeti kamili. Wanaopitisha bajeti kwanza hujikuta wakiwakamua watu ili wafikie tarakimu ambayo watu hao hawakuikubali.

Mzee wetu mmoja amehesabu sadaka peke yake kwa miaka mingi, na hakuna anayetilia shaka uaminifu wake. Vijana wanataka awepo mwenzake. Wengine wanasema ni kumvunjia heshima. Mnashauri nini? — Katibu wa baraza la wazee

Mpeni mwenzake, na mumwambie sababu: mnamlinda. Kuna siku fedha zitapungua hata bila mwizi. Noti mbili zitagandana, au benki itasoma 480 pale alipoandika 840. Siku hiyo mzee wenu hatakuwa na shahidi, na miaka yote ya uaminifu itabaki ikitegemea neno lake tu.

Jambo hili ni la zamani. Katika 2 Wafalme 12 mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha na kutengeneza nyumba ya Bwana. Hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi walipanda watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Kuna atakayewakumbusha mstari wa 15, kwamba waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini mstari huo unawahusu waliopokea fedha zilizokwisha kuhesabiwa na wawili. Naye Paulo, alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anataja wenzake waliotumwa pamoja nao, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tafuteni watu sita na muwapange zamu, ili wawili wale wale wasihesabu pamoja kila wiki. Wawili wa zamu wasiwe mume na mke wala ndugu wa nyumba moja, na asiwemo anayeandika daftari la fedha. Kapu likitoka mbele, wawili hao waende nalo moja kwa moja chumbani. Lisiachwe kwenye kiti hata kwa muda wa wimbo mmoja.

Waanze na bahasha, moja baada ya moja. Mmoja anafungua, anahesabu, anataja kiasi. Wa pili anatazama kiasi kilichoandikwa juu ya bahasha. Bahasha imeandikwa 50, ndani mna 40: wasikisie wala wasiongezee. Waandike "40" kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha, wote wawili watie sahihi fupi, na mtoaji aarifiwe kwa upole wiki hiyo hiyo. Bahasha tupu ipasuliwe pande mbili na kuinuliwa kwenye mwanga, kwa sababu noti hupenda kujificha kwenye mkunjo wa chini. Zisitupwe. Zifungwe kwa tarehe na kutunzwa mpaka taarifa za mwaka zimetoka na ukaguzi umekwisha.

Baada ya bahasha zije fedha za kapuni. Zipangwe kwa aina ya noti na aina ya sarafu. Mmoja ahesabu yote na aandike jumla kwenye karatasi yake bila kuitamka. Wa pili ahesabu upya. Ndipo karatasi mbili ziwekwe pamoja. Wa pili akiambiwa jumla kabla ya kuhesabu, macho yake yatatafuta jumla hiyo mpaka yaione. Zikilingana, wajaze fomu ya mapokezi nakala tatu: moja ya mweka hazina, moja iende na mfuko wa benki, moja ibaki kwenye jalada la wahesabuji. Fedha zote zipelekwe benki siku ya kazi inayofuata, na mtu wa tatu alinganishe stakabadhi ya benki na fomu.

Msilipe chochote kutoka kapuni. Hapo ndipo sharika nyingi zenye watu wema huharibikiwa. Tuseme sadaka ni 400, fundi wa vipaza sauti anadai 30, mnamlipa pale pale mezani na kupeleka benki 370. Daftari litaonyesha mapato ya 370, jumla ya bahasha na kapu itasema 400, na gharama ya vipaza sauti haitaonekana popote. Mwakani mtapanga bajeti mkiamini vyombo havina gharama. Pelekeni 400 benki, kisha mlipe 30 kwa hati ya malipo yenye sahihi mbili na risiti ya fundi iliyobanwa nyuma. Hata muumini anayetaka kuchenjiwa noti kubwa asichenjiwe kutoka kapuni.

Tulichanga fedha za paa. Mapato yalipopungua tukazitumia kulipa mishahara, tukisema tutarudisha. Sasa mafundi wako tayari na fedha hazipo. Tutaanzaje? — Mjumbe wa kamati ya ujenzi

Anzeni kwa kujua ukubwa wa shimo. Orodhesheni kila mfuko wenye kusudio, yaani paa, wajane, vijana na safari ya kwaya, na muandike kwa kila mmoja kilichoingia tangu mwanzo, kilichotumika kwa kusudio hilo, na kinachotakiwa kiwepo. Jumlisheni, kisha mlinganishe na salio la benki. Mifuko ikidai 130 na benki ina 100, basi 30 za watu zimekwisha kutumika kwa jambo ambalo hawakulitolea, na fedha zenu za kawaida ni sifuri hata kama akaunti inapendeza. Fanyeni hesabu hii kila mwezi, inachukua dakika kumi. Si lazima kufungua akaunti ya benki kwa kila mfuko. Safu moja kwa kila mfuko katika daftari inatosha, mradi kila ingizo liwekwe kwenye safu yake siku ile ile.

Kisha liambieni baraza, na baraza liuambie usharika, kwa kiasi kamili na tarehe. Msitumie maneno kama "changamoto ndogo". Elezeni kiasi gani kilihamishwa, kwa ajili gani, nani aliidhinisha, na kitarudishwa kwa awamu gani: kwa mfano 3 kila mwezi kwa miezi kumi kutoka sadaka za kawaida. Awamu hiyo iingie kwenye bajeti kama deni, juu ya matumizi mengine. Msifanye changizo la pili la paa lile lile kabla ya kusema haya. Aliyetoa kwa ajili ya bati akaja kuombwa bati tena hatauliza kwa sauti, atapunguza tu mkono wake.

Kwa changizo lijalo, andikeni kwenye kadi: "Zikizidi, au mradi usipowezekana, baraza litazitumia kwa matengenezo mengine ya jengo." Bila maneno hayo, mkibakiwa na ziada itawabidi kuwatafuta watoaji na kuomba idhini yao.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo. Nimekuwa nikitoa fungu la kumi kwenye kila ninachouza, na mtaji unazidi kupungua. Je, imani yangu ina upungufu? — Msomaji muuza duka

Shida ni hesabu, wala imani yako haina kosa. Tuseme kwa mwezi umeuza bidhaa za 500. Bidhaa hizo ulizinunua kwa 380. Pango, usafiri na msaidizi ni 60. Faida ni 60, na fungu la kumi la faida ni 6. Wewe umekuwa ukitoa 50, ukabakiwa na 10 za kula na kusomesha. Mwezi ukiwa mbaya unatoa kile ambacho kilikuwa cha kununua mzigo unaofuata, na sehemu ya mzigo huo ni ya mwenye mali aliyekukopesha. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba kipawa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Weka daftari lenye safu tatu, mauzo, ununuzi na gharama, na ufunge hesabu mwisho wa mwezi. Mwezi wa hasara andika sifuri bila aibu. Unachokula dukani au kuchukua kwa ajili ya nyumba kihesabu kama mapato yako, kisifichwe kwenye gharama.

Kwa mwajiriwa anayeuliza kama atoe kabla ya makato au baada: Walawi 27:30 inataja mazao ya nchi na matunda ya miti, haizungumzii hati ya mshahara. Wapo waaminifu wanaofuata kila njia. Sisi tunamshauri achague moja, aandike, na asibadilishe kila mwezi ulio mgumu. Anayehesabu baada ya makato akumbuke tu kwamba mkopo wa gari unaokatwa kazini ni matumizi yake mwenyewe, si kodi.

Kwetu majina na viwango husomwa mbele ya watu. Wanasema huongeza utoaji. Mnaonaje? Na fedha zinazotumwa kwa simu tuzipokee vipi? — Mama wa usharika

Huongeza kwa Jumapili mbili tatu, kwa watu wanaoweza. Wenye kidogo huanza kuchelewa ibada mpaka usomaji upite, baadaye hawaji. Hatuungi mkono jambo hili hata kidogo. Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili, na kama ingekuwa ni kusomwa kwa viwango angekuwa wa mwisho kwenye orodha.

Someni jumla. Someni pia mgawanyo bila majina: kaya ngapi zinatoa, ngapi ziko chini ya kiwango fulani, ngapi juu yake. Orodha yenye majina ionwe na mweka kumbukumbu za bahasha na mtu mmoja wa akiba. Kama mchungaji ataiona au hataiona, baraza liamue na kuandika, lisiachwe liamuliwe kimya kimya na anayeshika ufunguo.

Mgawanyo huo una faida nyingine. Jumlisheni kinachotolewa na kaya tano za juu, mgawanye kwa mapato yote ya mwaka. Ikiwa ni 45 katika kila 100, usharika wenu unasimama juu ya milango mitano, na mmoja ukihama mshahara wa mtu unayumba. Tengeni akiba ya walau miezi mitatu ya matumizi kabla ya kuajiri mwingine.

Na kwa wanaotuma fedha kwa simu, swali mliloongeza mwishoni: namba iwe ya usharika, kamwe isiwe ya mweka hazina. Kila mtumaji aandike namba yake ya bahasha na neno moja la kusudio. Taarifa ya miamala ichapishwe kila wiki na kuingizwa kwenye fomu ile ile ya wahesabuji. Makato yaandikwe kama gharama: aliyetuma 100 zikafika 98 ameandikiwa 100, na 2 ziko kwenye mstari wa makato.

Niliahidi mwanzoni mwa mwaka, kisha nikaachishwa kazi. Naona haya kwenda kanisani. Nifanyeje? — Msomaji aliyeomba jina lisitajwe

Ndugu yetu, nenda kanisani. Ahadi yako uliiweka juu ya mapato uliyokuwa nayo, nayo hayapo tena. Andika mstari mmoja kwa ofisi: "Namba ya bahasha yangu ni hii. Kuanzia mwezi huu naomba ahadi yangu iwe sifuri mpaka nitakapoarifu tena." Huna wajibu wa kutaja sababu. Ukiweza kutoa sarafu mbili wiki fulani, tia kwenye bahasha ile ile, isipokuwepo usitie.

Na kwa mweka hazina atakayeipokea barua hiyo: badilisha kadi siku hiyo hiyo, ukiweka tarehe ya mabadiliko, ili taarifa ya robo isimwonyeshe kama anayedaiwa. Mjibu kwa maandishi, kwa maneno machache: "Tumepokea na tumebadilisha. Asante kwa yote uliyotoa hadi sasa." Kisha, kwa idhini yake, mjulishe anayesimamia mfuko wa wahitaji, maana huenda mwezi huu yeye ndiye anayestahili kupelekewa bahasha.